UZI: Neno la Kigiriki γλυκύτης, yaani utamu: maana yake na sarufi yake

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Mara nyingi neno la Kigiriki likiletwa hapa jukwaani, linakuja likiwa limeshapitia Kiingereza. Tunatafsiri tafsiri. Leo naomba tuchukue neno moja tu, γλυκύτης, tulisome kutoka Kigiriki kuja Kiswahili bila kupitia kwa mtu mwingine. Naamini kwa neno hili tuna bahati: Kiswahili kinakaa nalo karibu sana, kimaana na kisarufi, na pale lugha hizi mbili zinapoachana ndipo penye somo.

Tuanze na kulitamka. Huko Athens karne ya 5 kabla ya Kristo, γ ilikuwa g ya "gari", na υ ilikuwa sauti ambayo Kiswahili hakina: midomo inakaa kama ya kusema u, ulimi unakaa kama wa kusema i. Mgiriki wa leo akilisoma neno hili atasema "ghlikítis", na gh yake ni hiihii ya "ghali" na "lugha". Aliyelelewa kwenye Kiswahili ana mtaji hapa, maana gh, th ya "thelathini" na dh ya "dhahabu" zote zimo kwenye Kigiriki cha leo, kwa herufi γ, θ na δ.

Neno limejengwa juu ya kivumishi γλυκύς, -tamu. Kimeongezwa kiambishi tamati -της, ambacho kazi yake ni kuzaa nomino ya dhahania. Sisi kazi hiyo tunaifanya mbele ya neno kwa u-: -tamu, utamu. Wao wanaifanya nyuma. νέος ni kijana, νεότης ni ujana. ἴσος ni sawa, ἰσότης ni usawa. ἀδελφός ni ndugu, ἀδελφότης ni udugu. Ukikutana na -της ya namna hii, jaribu kwanza kuitafsiri kwa u-. Mara nyingi utakuwa umefika. Paulo anapomwandikia Timotheo kwamba mtu asiudharau ujana wake (1 Timotheo 4:12), neno ni νεότης, na mtafsiri wa Kiswahili alikuwa na "ujana" mkononi tayari.

Sasa sarufi. Kigiriki hubadilisha mwisho wa nomino kufuatana na kazi yake kwenye sentensi. Kwa umoja neno letu linakwenda hivi:

ἡ γλυκύτης: utamu ukiwa kiima, wenyewe ndio unaotenda
τῆς γλυκύτητος: wa utamu, umilikishi
τῇ γλυκύτητι: kwa utamu, au kuupa utamu
τὴν γλυκύτητα: utamu ukiwa yambwa, unaotendwa

Wingi upo kwenye vitabu vya sarufi (γλυκύτητες, γλυκυτήτων, γλυκύτησι, γλυκύτητας) ila hautumiki sana, kama ambavyo sisi hatuna haja ya kuhesabu tamu ngapi. Angalia jambo moja: shina halisi ni γλυκυτητ-, na ile τ ya mwisho inaonekana kila mahali isipokuwa inapokutana na σ. Hapo inadondoka. Ndiyo maana kwenye kiima unaona -της na si "-τητς", na kwenye wingi unaona -τησι. Ukilijua shina, hakuna cha kukariri hapo.

Mfano bora wa neno hili likiwa kazini uko kwenye Agano la Kale la Kigiriki, ile tafsiri ya Sabini, Waamuzi 9:11. Ni kisa cha Yothamu: miti inatafuta mfalme, mzeituni umekataa, sasa inauendea mtini. Mtini unauliza kama uache τὴν γλυκύτητά μου, utamu wangu, na matunda yangu mema, uende kutawala miti. Ni yambwa, kwa hiyo -τητα. Na tazama alama za mkazo: ziko mbili, γλυκύτητά. Neno μου, "wangu", halina mkazo wake. Linaegemea neno lililotangulia. Kwa kuwa mkazo wa γλυκύτητα uko silabi ya tatu kutoka mwisho, neno linaongezewa mkazo wa pili mwishoni ili liweze kubeba μου. Wanafunzi wengi hudhani ni kosa la uchapaji. Ni kanuni, na utaiona kila mahali.

Kivumishi chenyewe kina sura tatu: γλυκύς kwa jinsia ya kiume, γλυκεῖα kwa ya kike, γλυκύ kwa isiyo ya kiume wala ya kike. Msomaji wa Kiswahili asitishike. Sisi tuna mtamu, kitamu, matamu, vitamu, tamu, na hatukosei kwa sababu nomino ndiyo inayotuamuru. Soma Ufunuo 10:9. Yohana anaambiwa akile kile kitabu kidogo: kitamtia uchungu tumboni, lakini kinywani kitakuwa γλυκὺ ὡς μέλι. Kwa nini γλυκύ na si γλυκύς? Kwa sababu βιβλαρίδιον, kitabu kidogo, ni neno la jinsia ya tatu. Na kwa nini Biblia yetu inasema "kitamu kama asali"? Kwa sababu kitabu ni ki-vi. Ni upatanisho uleule wa kisarufi, wenye sababu ileile. Anayesoma kwa Kiingereza haoni kitu hapo, kwa kuwa kivumishi cha Kiingereza hakibadiliki.

Sasa maana. Yakobo 3:11 anauliza kama chemchemi inaweza kutoa katika jicho moja τὸ γλυκὺ καὶ τὸ πικρόν. Hayo ni maji matamu na maji machungu. Mtu wa pwani aliyechota kisima cha chumvi anajua maji matamu ni yapi. Hakuna aliyetia sukari. Watafsiri wengi wa Kiingereza wamelazimika kuweka neno lenye maana ya maji mapya, maana kwao kuyaita maji matamu kunaleta picha nyingine. Kiswahili hakikuhitaji mzunguko huo.

Homer, mshairi wa Kigiriki wa miaka mia kadhaa kabla ya Yakobo, anaita usingizi γλυκὺς ὕπνος. Usingizi mtamu! Neno kwa neno, ila mpangilio tu ndio unaogeuka: wao wametanguliza kivumishi. Mzee Nestor kwenye Iliadi, utenzi wake wa vita vya Troya, ana sauti inayotiririka kutoka ulimini, tamu kuliko asali. Na Akile, akiwa amempoteza rafiki yake, anaisema hasira kwamba ni tamu kuliko asali inayochuruzika, kisha inapanda kifuani mwa watu kama moshi. Hilo la mwisho nalipenda kuliko yote, kwa sababu linasema ukweli juu ya hasira ambao watu hawapendi kuusema: mwenye nayo huionja, naye huitaka tena.

Wapi basi tunaachana? Kwenye chungu cha mchuzi. Sisi tunasema nyama tamu, mchuzi mtamu, pilau tamu, na hatumaanishi sukari. Mgiriki wa kale kwa γλυκύς alimaanisha hasa ladha ya asali, tini na zabibu. Kile cha kupendeza kinywani kwa ujumla, hata kikiwa na chumvi na viungo, alikiita ἡδύς. Kutoka hapo ndipo linatoka ἡδονή, raha au anasa, na pia ἥδυσμα, kiungo cha chakula. "Tamu" yetu imebeba maneno yao mawili. Kwa hiyo anayetafsiri kutoka Kiswahili kwenda Kigiriki ni lazima ajiulize: utamu huu ni wa ladha yenyewe, au ni wa kule kupendeza? Aristotle aliweka γλυκύ na πικρόν kwenye ncha mbili za ladha, na ladha nyingine zote akazipanga katikati. Pilau haina nafasi kwenye ncha ile.

Karibuni kwa maswali na nyongeza.

#2 Mchangiaji, mwanafunzi wa theolojia

Mkuu, uzi umetulia, nimeuhifadhi. Swali langu: sisi darasani tumefundishwa προφήτης, nabii, na μαθητής, mwanafunzi. Hayo nayo yanaishia -της lakini ni ya kiume, na umilikishi wake ni προφήτου. Sasa nitajuaje kwamba γλυκύτης ni ya kike na inakwenda -τητος? Kwenye mtihani nimeona watu wameandika "γλυκύτου".

#3 Mleta uzi

Swali zuri sana, na ni mtego wa kweli. Hizo ni -της mbili tofauti, zimefanana sura tu.

Ya kwanza inaunda mtenda. Inashikamana na mzizi wa kitenzi: μανθάνω, najifunza, inatoa μαθητής, κρίνω, nahukumu, inatoa κριτής, hakimu. Hiyo ni ya kiume, umilikishi wake ni -ου. Kwa Kiswahili inalingana na m- ya "mwimbaji" au "mwamuzi".

Ya pili inaunda hali au sifa. Inashikamana na kivumishi au nomino, ni ya kike daima, umilikishi wake ni -τητος. Hiyo ndiyo u- yetu.

Kwa hiyo jiulize: neno hili ni mtu au ni hali? Likiwa mtu, tumia -ου. Likiwa hali, -τητος. Na kamusi nzuri haikuachi gizani. Itaandika "γλυκύτης, -ητος, ἡ". Hicho kipande cha katikati na ile ἡ ndivyo vya kukariri pamoja na neno, kama unavyomfundisha mgeni wa Kiswahili asikariri "ukuta" peke yake bali "ukuta, kuta".

#4 Mchangiaji, mwalimu wa kemia

Naomba kuingia kwa upande wangu. Wanafunzi wa kidato cha tatu huniuliza kwa nini tunasema glukosi kwa u, halafu glikojeni kwa i, wakati zote ni habari za sukari. Nimekuwa nikiwajibu kwamba ni mazoea. Kuna jibu bora? Na je, γλυκύς ina udugu na dulcis ya Kilatini? Maana dulcis nayo ni tamu.

#5 Mleta uzi

Mwalimu, majibu yapo, na la kwanza linarudi kwenye ile υ niliyosema haipo kwetu.

Warumi walipoazima maneno ya Kigiriki waliiandika υ kwa y. Mengi ya kisayansi yamefuata njia hiyo, nasi tukayaandika kwa i: glikojeni ni jina alilolitumia Mfaransa Claude Bernard mwaka 1857, likiwa na maana ya kinachozaa tamu, kwa sababu ini huihifadhi sukari kwa umbo hilo na kuitoa inapohitajika. Glukosi imekuja kwa mlango mwingine. Ilipewa jina na wanakemia wa Ufaransa mwaka 1838 kutoka γλεῦκος, yaani maji ya zabibu yaliyokamuliwa ambayo bado ni matamu. Unaweza kuwaonyesha wanafunzi γλεῦκος kwenye Matendo 2:13, siku ya Pentekoste: wenye dhihaka wanasema hawa wamelewa γλεύκους, mvinyo mpya. Ni ndugu wa γλυκύς, shina moja lenye irabu tofauti.

Gliserini nayo ni ya ukoo huo. Scheele wa Sweden aliipata mwaka 1779 akiwa anachemsha mafuta na oksidi ya risasi, akaona ina ladha tamu. Baadaye Chevreul wa Ufaransa akaipa jina kutoka γλυκερός, kivumishi kingine chenye maana ileile ya -tamu. Glisini, ile asidi-amino, imepata jina kwa sababu hiyohiyo: ina utamu ulimini.

Kuhusu dulcis: ndiyo, wanaisimu wengi huyahesabu kuwa ndugu. Ugumu ulikuwa ile g ya Kigiriki dhidi ya d ya Kilatini. Ushahidi ulitoka ardhini. Kwenye vibao vya udongo vya Knossos, kisiwani Krete, vya zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, kuna neno limeandikwa kwa silabi de-re-u-ko. Mwandiko huo, Linear B, ulikuwa haujasomeka mpaka Michael Ventris alipoufumbua mwaka 1952. Neno hilo husomwa dleukos, ile γλεῦκος yetu ikiwa bado ina d mwanzoni. Kwa hiyo d ndiyo ya zamani, na Kigiriki ndicho kilichogeuza dl- kuwa gl-.

Na kwa kuwa umetaja sukari, kuna jambo linalogusa bahari yetu. Wagiriki wa kale hawakuwa na sukari ya miwa mezani. Utamu wao ulikuwa asali, tini na zabibu. Ila mwongozo mmoja wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki karne ya 1 baada ya Kristo, Periplus ya Bahari ya Erithrea, ambao ndio unaoitaja Rhapta na pwani ya Azania, unaorodhesha bidhaa zilizotoka India kuja bandari za Pembe ya Afrika. Kati ya ngano, mchele, samli, mafuta ya ufuta na nguo za pamba, unataja "asali ya mwanzi iitwayo sakkhari". Mwandishi hakuwa na namna ya kumweleza msomaji wake sukari ni nini isipokuwa kuiita asali. Sukari yetu na σάκχαρι yao zina asili moja huko India, kila moja ikapita njia yake.

#6 Mchangiaji, katekista

Bwana asifiwe ndugu zangu. Mimi nauliza Zaburi 34:8, "Onjeni mwone ya kuwa Bwana yu mwema." Kuonja ni habari ya ulimi. Nimesikia likihubiriwa kwamba Kigiriki chake kinasema Bwana ni mtamu, na kwamba ndiyo γλυκύτης iliyo katika tunda la Roho, Wagalatia 5. Ni kweli?

#7 Mleta uzi

Asante ndugu. Hapana, na ni vizuri umeuliza kabla halijasambaa zaidi.

Kwenye Zaburi hiyo Kigiriki kinasema χρηστὸς ὁ κύριος. Χρηστός ni mwema, mwenye fadhili, wa kufaa. Petro anairudia kwenye 1 Petro 2:3, tena akitumia kitenzi kilekile cha kuonja. Na kwenye Wagalatia 5:22 neno ni χρηστότης, ambalo Biblia ya Kiswahili imelitafsiri "utu wema". Tena umeiona -της yetu hapo: χρηστός, χρηστότης. Ni u- ileile.

Wazo la kuonja hata hivyo halikuwatoka hewani wahubiri. Χρηστός lilitumika pia kwa chakula na kinywaji kizuri: Luka 5:39, aliyekunywa divai ya zamani husema ya zamani ni χρηστός. Na Kilatini kwenye Zaburi hiyo kiliweka suavis, neno lenye harufu ya utamu, kwa hiyo mapokeo ya kuhubiri utamu wa Bwana yalipata mlango upande huo. Kuna jambo jingine: χρηστός na Χριστός zilikuja kutamkwa sawa, na waandishi wa mwanzo kama Yustino Mfiadini walitumia mfanano huo, wakisema kuwachukia Wakristo ni kuwachukia walio wema.

Ukweli ni kwamba nomino γλυκύτης haimo kabisa kwenye Agano Jipya. Kivumishi γλυκύς kimo mara nne: Yakobo 3:11 na 3:12, Ufunuo 10:9 na 10:10. Mbili ni maji, mbili ni kile kitabu kilicholiwa. Hakuna hata moja inayomhusu Mungu moja kwa moja.

Anayetaka kuhubiri utamu wa Mungu kwa neno hilohilo aende Hekima ya Sulemani 16:21, kwa wale ambao Biblia zao zina kitabu hicho. Pale mwandishi anaizungumzia mana, na anasema ilidhihirisha τὴν σὴν πρὸς τέκνα γλυκύτητα, utamu wako kwa watoto wako. Hapo hakuna haja ya kulazimisha kitu. Angalia pia mpangilio: τὴν σήν iko mbali na γλυκύτητα, katikati pameingizwa "kwa watoto", na bado tunajua zinakwenda pamoja kwa sababu zote ni za kike, umoja, yambwa. Upatanisho ndio unaowaruhusu Wagiriki kutawanya maneno hivyo.

#8 Mchangiaji, aliyeishi Athens

Nimefurahi kuona uzi huu. Niongeze ya mtaani. Kule ukiagiza kahawa ya Kigiriki unasema sukari yako mapema, kwa sababu inachemshwa pamoja na kahawa: skétos bila sukari, métrios ya wastani, ghlikós yenye sukari ya kutosha. Kivumishi cha leo ni γλυκός, γλυκιά, γλυκό; ile ύς ya kale wameiacha kwenye neno hili. Ukikaribishwa nyumbani utaletewa ghlikó tu kutaliú, matunda yaliyopikwa kwa sukari mpaka yanakuwa mazito, kwenye kisahani na kijiko na glasi ya maji. Viazi vitamu wanaviita γλυκοπατάτες, sawasawa na sisi. Na mama anamwita binti yake γλυκιά μου barabarani mchana kweupe, hakuna anayegeuka.

Hilo la mwisho ndilo lililonishinda kulieleza nyumbani. Huwezi kumwita mtoto wa watu "mtamu wangu" mbele ya wazazi.

#9 Mleta uzi

Mkuu umeleta pale hasa nilipotaka tufike.

Kwetu "mtamu" akiambiwa mtu mzima, neno linaelekea chumbani. Wagiriki hawakuwa na aibu hiyo, na si wa leo peke yao. Kwenye makaburi ya Asia Ndogo ya wakati wa Warumi yamejaa maandishi ya wazazi waliozika watoto, na neno la kawaida kabisa ni τέκνῳ γλυκυτάτῳ. Hiyo ni hali ya kupewa, "kwa ajili ya mtoto", na γλυκύτατος ni kiwango cha juu kabisa cha kivumishi. Waume wanawaandikia wake zao hivyo, watoto wanawaandikia wazazi. Mtafsiri akiweka "kwa mtoto mtamu sana" amefuata kamusi na amempoteza marehemu. Mimi ningeweka "kwa mwanetu kipenzi". Kwa maji, usingizi, sauti na kitabu, "tamu" inatosha bila wasiwasi. Kwa mtu, tulitafute "kipenzi" au "mpendwa".

Kanisa la Kiorthodoksi nalo limelihifadhi. Ipo aina ya picha takatifu ya Mama wa Mungu akiwa ameegemeza shavu lake kwenye la Mtoto, inaitwa Γλυκοφιλοῦσα, abusuye kwa utamu. Na Ijumaa Kuu, kwenye maombolezo yanayoimbwa mbele ya kaburi, Mama anamwita Mwanawe "ὦ γλυκύ μου ἔαρ", ewe majira yangu matamu ya machipuko. Γλυκύ hapo si ya kiume ingawa anayeitwa ni mwanamume, kwa sababu ἔαρ, majira ya machipuko, ni neno la jinsia ya tatu. Kivumishi kinafuata nomino na hakimfuati mtu. Waorthodoksi wa Kenya, Uganda na Tanzania, walio chini ya Patriarki wa Aleksandria, wanaifahamu ibada hiyo.

Kuhusu nomino ya leo: Mgiriki hasemi tena γλυκύτης, anasema γλυκύτητα. Amechukua sura ya yambwa akaifanya ndiyo jina lenyewe. Ilitokea kwa kundi lote: νεότης imekuwa νεότητα, ταχυτής, yaani kasi, imekuwa ταχύτητα. Pembeni yake wana γλύκα, fupi zaidi, ya utamu wa kitu kinywani au wa mtu mpole. Na ukienda kwa muuza peremende wa Athens ukaona χαλβάς, hiyo ni halua. Imewafikia kupitia Kituruki, yetu imetoka kwa Waarabu moja kwa moja, neno ni la Kiarabu lenye maana ya utamu.

Kuna sehemu sikuigusa mwanzoni nayo inastahili. Γλυκύτης iliwahi kuwa istilahi ya ufasaha. Hermogenes wa Tarso, karne ya 2 baada ya Kristo, aliandika kitabu juu ya aina za mtindo wa kuandika, na mojawapo ameiita γλυκύτης. Anasema utamu wa usemi unatoka kwanza kwenye hekaya, halafu kwenye masimulizi yanayokaribia hekaya, na pia pale unapovipa vitu visivyo na nia uwezo wa kutaka na kuchagua, na unapopenyeza mashairi ndani ya nathari. Mmoja wa waandishi anaowatolea mfano ni Xenophon. Rudi sasa kwa Yothamu na miti yake inayotafuta mfalme: ni hekaya, tena miti inakataa na kuchagua. Hermogenes angeihesabu kuwa γλυκύτης hata kama mtini usingelitamka neno lenyewe. Nasi tunapomsifu mtu kwamba ana maneno matamu au hadithi yake ni tamu, tunasema jambo hilohilo, ingawa sisi huongeza tahadhari kidogo kwa mwenye maneno matamu.

#10 Mchangiaji, mwanafunzi wa theolojia

Mkuu, mawili ya mwisho. Nimeona τὸ γλυκύ na γλυκύτης vyote vinatafsiriwa "utamu". Tofauti ni nini? Na kulinganisha: "tamu kuliko asali" linaandikwaje?

#11 Mleta uzi

Τὸ γλυκύ ni kivumishi kilichopewa kibainishi (lile neno dogo τὸ mbele yake) kikageuzwa nomino: kile kilicho kitamu. Γλυκύτης ni hali ya kuwa kitamu. Yakobo anaposema chemchemi inatoa τὸ γλυκύ, ni maji yenyewe yanatoka, si sifa yake. Mwanafalsafa Demokrito anaposema "kwa mazoea kuna γλυκύ, kwa mazoea kuna πικρόν, kwa kweli kuna atomu na utupu", ametumia kivumishi bila hata kibainishi: kitamu, kichungu. Kwa Kiswahili tumia ki- au -licho kwa τὸ γλυκύ, na u- kwa γλυκύτης, utakuwa salama.

Kulinganisha kuna njia mbili. Ya kale ni kuweka kinacholinganishwa kwenye umilikishi bila neno lolote la katikati. Kitendawili cha Samsoni kinapofumbuliwa, Waamuzi 14:18, watu wanauliza τί γλυκύτερον μέλιτος, ni nini kitamu kuliko asali, na ni nini chenye nguvu kuliko simba. Μέλιτος ni "ya asali" kwa sura, lakini kazi yake ni "kuliko asali". Homer ana sura nyingine ya zamani zaidi, γλυκίων, kanuni ni hiyohiyo. Njia ya pili imeenea kwenye tafsiri ya Sabini kwa kufuata Kiebrania: ὑπέρ pamoja na yambwa. Zaburi 19:10 inasema hukumu za Bwana ni γλυκύτερα ὑπὲρ μέλι καὶ κηρίον, tamu kupita asali na sega la asali. Ὑπέρ ni "juu ya, kupita", na Kiswahili kinaruhusu "kupita asali" na "kushinda asali" bila kusikika kigeni.

Na mnaotaka kuhakiki mafungu ya Zaburi kwenye Kigiriki, hesabu ya Sabini inatofautiana na ya Biblia zetu nyingi. Kuanzia Zaburi ya 10 hadi ya 147, kwa sehemu kubwa, namba ya Kigiriki iko nyuma kwa moja, na mistari nayo huweza kusogea pale kichwa cha zaburi kinapohesabiwa. Kwa hiyo 34:8 mtaikuta 33:9, 19:10 mtaikuta 18:11, na 119:103, penye γλυκέα, maneno yako yalivyo matamu kooni mwangu, mfungue 118:103.